Jason Sendwe: mbunge kutoka Kabongo, na swali alilotuachia kanisani



Jumapili moja baada ya ibada hapa Katoto, Kamina, kijana wa kwaya alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. Alikuwa ametoka Lubumbashi, ambako mama yake alilazwa majuma matatu katika Hospitali ya Jason Sendwe. Mama alikuwa amepona, nasi tukamshukuru Mungu pamoja naye. Kisha akatuuliza: huyo Sendwe alikuwa nani? Alikuwa daktari? Alikuwa Mzungu wa misioni?

Tulimjibu kwa maneno machache, maana watu wengine walikuwa wakisubiri kusalimia. Lakini tulipofika nyumbani tuliona aibu kidogo. Katika shule ya teolojia tulijifunza maisha ya Luther, ya Calvin na ya Wesley, na miaka yao tuliishika kichwani. Kumbe mtoto wa Kabongo, jirani yetu, aliyelelewa katika shule za misioni ya Kiprotestanti, aliyehubiri na kuuguza wagonjwa kabla ya kuingia bungeni, tulikuwa tunamjua kwa jina la hospitali tu. Kwa hiyo leo tunapenda kumjibu yule kijana kwa urefu, na ninyi wasomaji wetu wa makanisa ya mashariki mkisikiliza.

Mtoto wa misioni

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, katika teritori ya Kabongo, kaskazini ya Kamina. Leo Kabongo ni moja ya teritori tano za Haut-Lomami, pamoja na Kamina, Bukama, Kaniama na Malemba-Nkulu. Jamaa yake walikuwa Waluba. Alipozaliwa, ilikuwa miaka tisa tu tangu serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Congo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, mwaka 1908.

Injili ilikuwa bado changa katika nchi hii. Fred Arnot alikuwa amefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Wamethodisti, wakiongozwa na John Springer na mkewe Helen, walianza kazi yao ya Kapanga mwanzoni mwa miaka ya 1910. William Burton na James Salter walifika Mwanza kwa Waluba mwaka 1915, miaka miwili kabla Sendwe hajazaliwa. Kwa hiyo yeye ni wa kizazi cha kwanza cha watoto waliokua wakisikia kengele ya misioni, wakajifunza kusoma kwa sababu kulikuwa na Kitabu cha kusoma.

Sendwe alisoma katika shule za Wamethodisti. Tukumbuke kwamba wakati ule serikali ya kikoloni ilitoa fedha kwa shule za misioni za Kikatoliki, na zile za Kiprotestanti hazikupewa msaada huo hadi baada ya vita ya pili ya dunia. Mtoto wa shule ya Kiprotestanti alisoma katika umaskini. Hata hivyo Sendwe alisonga mbele, akapata mafunzo ya ualimu na uhubiri, baadaye ya kazi ya hospitali.

Alitamani kuwa daktari, lakini hakukuwa na mlango. Congo nzima haikuwa na chuo kikuu cha kumpokea Mwafrika ambaye angetaka kusomea udaktari. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1954, na wakati huo Sendwe alikuwa na umri wa miaka 37. Kwa mtu kama yeye njia iliishia katika kazi ya muuguzi na msaidizi wa daktari. Aliweza kujua ugonjwa, kuchoma sindano, kufunga kidonda, kukesha na mgonjwa. Lakini cheo cha daktari kilikuwa cha Mzungu.

Kwa hiyo kabla ya siasa mtu huyu alifanya kazi tatu ambazo sisi kanisani tunazijua vizuri: alihubiri, alifundisha, aliuguza. Watu walimwamini kwa sababu hizo. Mtu anayekuja kwako usiku wakati mtoto ana homa, huwezi kumsahau siku anapoomba kura.

Chama cha kabila

Katika miaka ya 1950 miji ya shaba ilikuwa imejaa. Kampuni ya Union Minière na reli zilikuwa zimeleta wafanyakazi kutoka kila upande, na hasa Waluba wa Kasai. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa na watu wa makabila mengi waliokaa nyumba kwa nyumba, wakifanya kazi moja na kusali katika makanisa yale yale. Lakini kila kabila lilikuwa na chama chake cha kusaidiana: kuzika wafu, kupokea wageni kutoka kijijini, kulipia watoto shule. Ni vile tunavyoviita leo mitualite.

Mwaka 1957 Sendwe alianzisha chama cha Waluba wa Katanga, kikajulikana kwa jina la Balubakat. Aliona kwamba watu wake wa kaskazini walikuwa wanasahauliwa katika jimbo lao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo huo Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa mitaa katika mji. Wengi wa wakuu wa mitaa waliochaguliwa Elisabethville walikuwa na asili ya nje ya Katanga, na jambo hilo likawauma wenyeji. Mwaka 1958 kikazaliwa chama kingine, Conakat, kilichosema Katanga ni ya Wakatanga. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, na mwaka 1959 uongozi ukapita kwa Moïse Tshombe.

Kwa muda mfupi mwaka 1959 Balubakat iliingia ndani ya Conakat, lakini kabla mwaka haujaisha ikatoka. Wengi wa Conakat walitaka Katanga ijitawale yenyewe, au iwe na uhuru mkubwa ndani ya Congo, na walipatana na walowezi Wazungu waliotaka hivyo. Sendwe hakukubali. Alitaka Congo moja. Baadaye chama chake kikawa karibu na chama cha Patrice Lumumba, MNC.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana yako mambo mawili katika mtu mmoja. Sendwe aliunda chama kwa jina la kabila, tena alitetea umoja wa taifa. Hakuwa mnafiki. Wengi wetu tunaishi na mambo hayo mawili: tunaipenda Congo, na siku ya msiba tunakimbilia mitualite ya kwetu. Shida ilikuja pale chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuzika na kusaidiana kilipopewa kazi ya kupigana.

Bungeni

Januari 1960 Sendwe alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Congo waliokwenda Bruxelles kwenye mkutano wa Meza ya Duara, ule uliopanga tarehe ya uhuru kuwa 30 Juni 1960. Uchaguzi ulifanyika Mei. Bunge la Taifa lilikuwa na viti 137, na Sendwe alichaguliwa kuwa mbunge.

Katika bunge la jimbo la Katanga mambo yalikuwa magumu. Conakat ilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Balubakat pamoja na wenzake ulifuata kwa karibu sana. Sheria ilidai theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Watu wa Balubakat, walipoona wanatengwa, walitoka nje ili idadi isitimie. Walidhani hivyo watalazimisha mapatano. Lakini katikati ya Juni bunge la Ubelgiji, siku chache tu kabla ya uhuru, likabadilisha sheria ili wingi wa kawaida utoshe. Conakat ikaunda serikali peke yake, Tshombe akawa rais wa jimbo, na kaskazini ikabaki nje ya mlango.

Sisi tunaoongoza vikao vya kanisa tunajua jambo hili. Ukibadilisha kanuni katikati ya kikao ili upande mmoja upite, kikao kitakwisha siku hiyo, lakini ugomvi utaendelea miaka. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Congo.

Serikali ya Lumumba ilimteua Sendwe kuwa mjumbe wake mkuu kwa Katanga, mtu wa kuiwakilisha serikali kuu katika jimbo. Lakini hakuweza kukaa katika kiti hicho, maana Elisabethville ilikuwa imefungwa mbele yake. Mbunge wa Katanga akabaki Leopoldville, mbali na wale waliompigia kura, wakati kwao moto unawaka.

Wana wa nyumba moja

Jambo hili linatugusa sana sisi watumishi. Moïse Tshombe, aliyezaliwa mwaka 1919 huko Musumba katika nchi ya Walunda, naye alikuwa Mmethodisti, aliyesomeshwa na misioni ile ile. Lumumba, ingawa alizaliwa katika familia ya Kikatoliki, naye alipita katika shule ya Wamethodisti huko Sankuru. Watu watatu, ambao majina yao yalijaza magazeti ya dunia mwaka ule, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya misioni zenye imani moja. Waliimba nyimbo zile zile. Walisikia habari za Yosefu na ndugu zake, na za Yakobo aliyemwinamia Esau mara saba kabla ya kukumbatiana naye.

Sendwe na Tshombe walikuwa wana wa nyumba moja. Mmoja Mluba, mwingine Mlunda. Mmoja alitoka katika umaskini wa kaskazini, mwingine alikuwa mwana wa mfanyabiashara tajiri. Walipokosana, kila mmoja alikuwa na watu waliomwombea kanisani.

Vita ya kaskazini

Waluba wa kaskazini walikataa serikali ya Tshombe. Vijana wa chama, walioitwa Jeunesse, walishika pinde, mapanga na minyororo ya baisikeli. Jandarmeri ya Katanga, iliyoongozwa na maofisa Wabelgiji na baadaye askari wa kukodiwa, ilichoma vijiji. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wanasimulia jinsi walivyolala porini majuma mengi.

Oktoba 1960 Umoja wa Mataifa ulipatana na Tshombe kuweka maeneo ya amani huko kaskazini. Sendwe akapita katika nchi hiyo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, ili awatulize watu wake. Fikirieni safari hiyo. Mhubiri wa zamani, muuguzi wa zamani, anawasihi watu waliofiwa na wenye hasira waweke silaha chini.

Walimpenda, lakini moto haukuzimika. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, kundi la wapiganaji Waluba liliwavamia askari kumi na mmoja wa Ireland waliokuwa wamekwenda kutengeneza daraja. Tisa walikufa. Askari hao walikuwa watu wa Umoja wa Mataifa, waliokuja kulinda raia, lakini wapiganaji waliona Wazungu wenye bunduki, na Wazungu wenye bunduki waliowajua ni wale wa jandarmeri. Mwezi huo huo wamisionari wawili wa kazi ya Burton, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa walipokuwa safarini kuwapelekea ndugu vitu vya mahitaji. Hodgson alikuwa ametumika kati ya Waluba miaka mingi na aliwauguza wengi.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wazee wetu. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa. Lakini tuseme ukweli mbele za Mungu: damu ya watumishi wake ilimwagwa na vijana waliojiona wanatetea jina la Sendwe, na Sendwe hakuwa ameagiza hivyo. Aliyewasha moto wa nyasi kwa ajili ya shamba lake hawezi kuuambia uishie wapi.

Januari 1961, kwa msaada wa askari waliotoka Stanleyville, Kisangani ya leo, Balubakat ilitangaza Manono kuwa makao ya jimbo lake, Lualaba, likiongozwa na Prosper Mwamba Ilunga. Katikati ya mwezi huo, tarehe 17, Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Machi, jandarmeri na askari wa kukodiwa wakaichukua tena Manono. Mwezi Agosti na Septemba 1961 Waluba waliokaa Elisabethville, wa Katanga na wa Kasai, walikimbilia kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa nje ya mji. Kwa muda mfupi walifika watu wapatao 35,000, baadaye wakazidi. Walikaa katika vibanda vya magunia na mabati, njaa na magonjwa yakiwatesa, na ndani ya kambi yenyewe wenye nguvu wakiwatawala wanyonge.

Naibu waziri mkuu

Julai 1961 wabunge walikutana katika Chuo Kikuu cha Lovanium, wakiwa wamefungiwa humo chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, ili wapatane juu ya serikali moja. Chuo hicho ndicho kilichofunguliwa Sendwe akiwa amekwisha kupita umri wa mwanafunzi. Mwanzoni mwa Agosti ikazaliwa serikali ya Cyrille Adoula. Antoine Gizenga akawa naibu wa kwanza wa waziri mkuu, na Jason Sendwe akawa naibu wa pili.

Kwa mtoto wa Mwanya aliyezuiwa kuwa daktari, hiyo ilikuwa heshima kubwa. Alishika cheo hicho hadi Januari 1963. Mwezi huo huo kujitenga kwa Katanga kulikwisha. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameingia Kamina mjini siku za mwisho za Desemba 1962, na katikati ya Januari Tshombe akakubali kwamba mambo yamekwisha. Kile ambacho Sendwe alikitetea tangu mwanzo, Congo moja, kilikuwa kimeshinda.

Hapo ndipo wengi wetu tungependa habari iishie. Lakini maisha ya watu hayaishi pale tunapotaka.

Kaskazini Katanga

Mwaka 1962 bunge lilikuwa limegawa nchi katika majimbo madogo mengi, na Kaskazini Katanga likawa jimbo, makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwamba Ilunga. Waluba wa kaskazini sasa walikuwa na kile walichokitaka: jimbo lao, viongozi wao, bunge lao. Adui wa nje hakuwepo tena.

Ndipo wakagawanyika wao kwa wao. Balubakat ilipasuka, wengine upande wa Sendwe, wengine upande wa Mwamba Ilunga. Septemba 1963 Sendwe alichukua urais wa jimbo. Mapema mwaka 1964 bunge la jimbo likamwondoa, na baada ya majuma machache akarudi. Wakati wanasiasa walipokuwa wakivutana juu ya kiti, barabara zilikuwa zimeharibika, walimu na askari hawakulipwa vizuri, na vijana waliopigana mwaka 1960 walikuwa wamekaa bila kazi, wakiona kwamba uhuru umewaletea wakubwa wachache magari.

Vijana hao ndio uasi wa mwaka 1964 ulipowakuta. Mashariki uliongozwa na Gaston Soumialot, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Laurent-Désiré Kabila, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka katika vijana wa Balubakat. Mwezi Mei Uvira ikaanguka. Mwishoni mwa mwezi huo uasi ukalipuka ndani ya Albertville, Sendwe akakamatwa, kisha askari wa serikali wakaurudisha mji na akafunguliwa. Lakini haikudumu. Katikati ya Juni mji ukaingia tena mikononi mwa waasi, na tarehe 19 Juni 1964 Jason Sendwe akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 47. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Congo itimize miaka minne ya uhuru.

Reli inayotoka hapa Kamina inapita Kabongo, inafika Kabalo, na kuishia Kalemie kando ya ziwa. Kabongo alizaliwa, Kalemie aliuawa. Tshombe hakumuua, wala Wabelgiji hawakumuua. Aliuawa katika nchi yake ya kaskazini, ambamo jina lake lilikuwa limeimbwa, katika uasi uliowachukua wengi wa vijana waliokua chini ya bendera ya chama chake.

Majuma matatu baadaye, Julai 1964, Tshombe aliyerudi kutoka uhamishoni akawa waziri mkuu wa Congo yote. Naye hakufika mbali. Alikufa kizuizini Algeria tarehe 29 Juni 1969. Hivyo wale watatu wa mabenchi ya misioni, Lumumba, Sendwe na Tshombe, hakuna aliyefikisha miaka 50, na Tshombe alikuwa mfungwa katika nchi ya kigeni miaka miwili ya mwisho.

Swali alilotuachia

Jina la Sendwe limewekwa kwenye hospitali kubwa ya Lubumbashi na kwenye barabara, hata Kinshasa. Tunaona hospitali ndiyo inayomfaa zaidi. Kila siku katika wodi zake wanalazwa Waluba, Walunda, Wabemba, Wasanga, Wakasai, Wachokwe, na muuguzi anayepita usiku na taa haulizi kabila la mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Ndivyo Sendwe mwenyewe alivyofanya kazi kabla hajawa mwanasiasa.

Swali lake kwetu ni hili. Kanisa lilimpa mtoto huyu shule, kazi na Neno. Lilimpa Tshombe vivyo hivyo. Je, sisi leo, mtoto wetu anapotoka kwaya akaingia siasa, tunaendelea kuwa wachungaji wake? Au tunabadilika kuwa wapiga kura wake na waomba misaada wake?

Tunajiuliza sisi kwanza. Katika makanisa yetu, mbunge akija Jumapili, anapewa kiti cha mbele na maikrofoni. Tunampokea kwa nderemo, anatoa sadaka ya mabati, anaondoka. Ni nani kati yetu aliyemtembelea nyumbani kwake jioni, wakati hakuna wapambe, akamuuliza habari za nafsi yake? Ni nani aliyemwambia kwamba yale aliyosema kwenye mkutano juu ya kabila jirani si maneno ya Mkristo? Natani alikwenda kwa Daudi peke yake, wala hakuomba bati.

Tena wale mahasimu wawili wanaposali katika makanisa mawili ya jumuiya moja, wachungaji wao wanakutana? Ikiwa mchungaji wa huyu na mchungaji wa yule hawawezi kuketi meza moja wakaomba, tusishangae waumini wao wakipigana. Mwaka 1960 palikuwa na wana wa imani moja katika pande zote za ugomvi wa Katanga. Katika magomvi ya leo, kutoka Kamina mpaka Kalemie, mpaka Uvira na Bukavu, hali ni ile ile.

Na vijana. Maandiko yanatuambia jinsi Rehoboamu alivyoacha shauri la wazee akafuata la vijana wenzake, ufalme ukapasuka siku ile ile. Lakini habari ya Sendwe inatuonyesha upande mwingine: wakubwa waliwaita vijana siku ya vita, na siku ya amani wakawasahau. Kijana anayetumwa kurusha mawe wakati wa uchaguzi, halafu hapewi hata nauli ya kurudi kwao, atamsikiliza mtu mwingine atakayemwita. Kanisa halina fedha za kuwaajiri wote. Lina nafasi ya kuwafundisha ufundi, la sivyo kilimo, na kuwajua kwa majina, hata wale wasiokuja ibadani.

Hatusemi watu waache mitualite zao. Kuzika wafu na kumpokea mgeni ni mambo mema. Tunasema Mkristo aliyemo ndani yake awe wa kwanza kusimama siku zinapoanza kusemwa habari za mapanga. Sendwe alijaribu kusimama, Oktoba 1960, lakini vita ilikuwa imeanza miezi mitatu kabla. Sisi tuna nafasi ya kusimama mapema zaidi.

Jumapili iliyofuata tulimwita yule kijana wa kwaya, tukamsimulia yote haya chini ya mwembe pamoja na vijana wengine kumi na wawili. Kati yao walikuwemo Waluba, watoto wa Wakasai na kijana mmoja Mlunda. Tulipomaliza, Mlunda akauliza kama Tshombe naye alikuwa wa kanisa. Tukamwambia ndiyo. Wakatazamana. Kisha wakaomba, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, kwa ajili ya wabunge wetu wa leo, kwa majina.

Tunawaomba nanyi, wapendwa wa makanisa ya mashariki, mfanye vivyo hivyo Jumapili hii. Kila kanisa liandike majina ya waumini wake walioko bungeni, katika serikali na katika vyama, wa upande huu na wa upande ule, liwaombee pamoja katika sala moja. Na juma litakalofuata, mchungaji avae viatu aende kuwatembelea.

Bwana awabariki.